Jibu: Utamaduni si mavazi na vifaa pekee

Ndugu mwuliza swali, umeuliza iwapo mavazi, majengo na vifaa vinatosha kuwa misingi ya utamaduni wa jamii. Kwa maoni yangu havitoshi, kwa kuwa hiyo ni sehemu inayoonekana tu, nayo haieleweki bila ile isiyoonekana.

Msingi ninaoutanguliza ni lugha. Kazi yake si mawasiliano peke yake; ndani yake imehifadhiwa namna jamii inavyowapanga jamaa, inavyohesabu wakati na inavyotenga kauli ya heshima na ile ya utovu wa adabu, na ndiyo njia kuu ambayo mtoto hupokea mengine yote, kwani utamaduni haurithiwi kwa damu bali hufunzwa. Karibu nayo yapo maadili, pamoja na kanuni zinazoyageuza kuwa matendo: kuwathamini wazee ni maadili, ilhali kumpisha mzee kiti ni kanuni. (Wengi huyachanganya haya mawili.) Zipo pia imani, alama na mila.

Kuhusu vifaa, zingatia kwamba mwaka 2003 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilipitisha mkataba wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, unaotaja simulizi, sanaa za maonyesho, desturi za kijamii, maarifa kuhusu maumbile na hata ufundi wa jadi. Ufundi umewekwa humo kwa sababu ya msingi: chungu hushikika, lakini ujuzi wa kukifinyanga umo kwa mfinyanzi, nao hupotea asipomfundisha mwingine.