Maua ya Kuliwa: Unachopaswa Kujua Kabla ya Kuyatia Sufuriani

Maua yamekuwa pambo la sahani na keki mijini, na kila ninapoulizwa mtu aanze na ua gani, jibu langu huwa ni ua la boga. Sababu si ladha peke yake. Mmea wake unajulikana na kila mtu, huota katika bustani yako au ya jirani ambaye unaweza kumuuliza amepuliza dawa gani, na watu wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kulipika pamoja na majani yake. Hayo ndiyo ninayoyatafuta katika ua lolote: niujue mmea wenyewe, nijue ulikokulia, na niwe na hakika kwamba sehemu ninayotaka kuila huliwa. Likikosa hata moja, haliingii jikoni kwangu.

Hata anayedhani kwamba hajawahi kula ua, amekwisha kulila. Karafuu ni matumba ya maua ambayo wachumaji wa Pemba na Unguja huyachuma kabla hayajachanua, kwa kuwa tumba likishachanua thamani yake hushuka. Zafarani nayo ni nyuzi nyembamba, tatu tu katika kila ua, zinazochomolewa kwa mkono, ndiyo maana bei yake haishikiki. Kula maua basi si ugeni kwetu. Ugeni ni kuchomoa ua kwenye shada la dukani na kulichomeka juu ya keki ya harusi.

Turudi kwenye boga. Ua lake huchanua alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo lichumwe asubuhi na mapema; ukichelewa utalikuta limejikunja, pengine na nyuki amenaswa ndani, naye hatakuwa na simile atakapofunguliwa. Chuma madume. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, ilhali ua jike limebeba kiboga kidogo chini yake, na anayelichuma jike amejinyima boga. Usiyamalize madume nayo, kwa sababu bila chavua yake majike hayatashika matunda.

Jikoni, fungua petali taratibu, chomoa kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano, ondoa vijani vyembamba vilivyo kwenye kitako, kisha suuza maua katika maji yenye chumvi kidogo ili wadudu watoke. Chambua nyuzi za majani ya maboga, yakate, yapike kwa kitunguu, nyanya na tui jepesi hadi yaive, halafu tia tui zito pamoja na maua mwishoni kabisa na uipue mara tu yanapolegea, kwa maana yakikaa motoni zaidi ya hapo huyeyuka na usione ulichokichuma. Ukipenda bhajia, koroga unga wa dengu, bizari, chumvi na pilipili uwe mzito kiasi cha kung'ang'ania petali, chovya maua na uyakaange katika mafuta yaliyopata moto vizuri. Ukionja ukakuta uchungu mkali usio wa kawaida, tema na umwage chakula chote. Mimea ya jamii ya maboga, hasa iliyojiotea yenyewe, huweza kuwa na kemikali chungu zinazoumiza tumbo vibaya, na kuipika hakuziondoi.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, inafaa kuifuata boga. Kinachotumika kwa kawaida si petali bali yale majani mekundu manene yanayofumbata tunda baada ya ua kunyauka. Wasudani hukitengeneza kinywaji chao cha karkade kutokana nayo, na Dodoma hupatikana hata divai yake. Mimi huichemsha na tangawizi na karafuu chache, huichuja, kisha hutia sukari na ndimu ikishapoa. Usiichemshe katika sufuria ya aluminiamu, kwa sababu ukali wake hula madini ya chombo. Tumia sufuria ya stili au ya udongo. Kinywaji hiki hushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani, kwa hiyo anayemeza dawa za presha azungumze na daktari wake kabla ya kukifanya cha kila siku, na mjamzito vilevile.

Maua ya mlonge ni mazuri yakikaangwa na mayai, lakini yapikwe, yasiliwe mabichi, na wajawazito wayaache. Ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, lina kazi nyingi kuliko faida kwa maoni yangu: utomvu wake hautoki nguoni, na usipoliloweka katika maji ya ndimu mara tu unapolikata, hugeuka jeusi.

Kuhusu waridi nitakuwa mkali. Mawaridi ya dukani, yale yanayokuzwa Naivasha au Arusha kwa ajili ya mashada, hayakukuzwa kwa ajili ya kuliwa. Hupulizwa dawa za wadudu na ukungu ambazo maji ya bomba hayawezi kuzisafisha. Tumia waridi lenye harufu ulilolipanda mwenyewe bila dawa, au nunua maji ya waridi yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Jabal Akhdar nchini Omani wanayavukiza maua hayo kila majira ya kuchipua, na maji yake huingia katika halua ya huko, kama yanavyoingia katika ya Zanzibar. Petali zinazotawanywa juu ya biriani kwa ajili ya picha sioni maana yake, kwani mlaji huishia kuzisukuma pembeni.

Hatari kubwa zaidi imo katika maua mazuri yaliyopandwa uani na kandokando ya barabara. Oleanda, yenye maua ya rangi ya waridi, meupe au mekundu, pamoja na ile ya njano inayopandwa kama uzio wa nyumba, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na sumu hiyo imo katika mmea mzima. Mnanaha na miti ya mapambo ya jamii yake yenye maua makubwa kama tarumbeta humkausha mtu mdomo, humpanua mboni na kumfanya aweweseke. Kupika hakusaidii katika hayo. Wala kumwona mbuzi au ndege akila si ushahidi, kwani mwili wa mnyama hauko sawa na wako. Majina ya mtaani pia hayatoshi: asumini halisi hutia chai harufu nzuri, lakini ipo mimea mingine yenye sumu inayoitwa kwa jina hilo kwa sababu tu inanukia.

Ua usilowahi kulila, onja kidogo, aina moja kwa siku, na mwenye pumu au mzio wa chavua ajihadhari zaidi. Ikitokea mtu amekula ua usilolijua, usimlazimishe kutapika wala usimnyweshe maziwa kama dawa; mtoe mabaki mdomoni, mkimbize hospitali, na chukua tawi la mmea huo lenye ua na majani yake ili daktari ajue anashughulika na sumu gani.