Kikapu cha Pikseli 16 Kilichoniletea Oda ya Nakuru

Juzi mama mmoja wa Nakuru mwenye nyumba ya wageni aliniagiza vikapu 40 vya magugumaji. Nilipomuuliza amenipataje, akaniandikia: "Dada, si wewe ndiye yule wa kikapu cha kijani?" Alikuwa ameweka alamisho (bookmark) za tovuti za wauzaji kadhaa, wiki mbili zikapita, majina yote yakamtoka. Alichokumbuka ni kile kipicha kilicho kando ya jina la tovuti yangu.

Kipicha hicho nimekipigania. Kijana aliyenitengenezea tovuti nilimlipa hadi shilingi ya mwisho, lakini akaacha pale juu nembo ya programu aliyoitumia. Nilipolalamika akasema hayo ni marembo tu, mteja haangalii huko. Miaka miwili duka langu la Dunga lilitembea na beji ya watu wengine! Bado inaniuma.

Nikaamua kujifunza mwenyewe. Aikoni hizi, yaani favikoni, zilianza 1999 na kivinjari cha Internet Explorer 5, zikionekana kwenye orodha ya kurasa unazozipenda. Leo ziko kwenye vichupo (tab) vya kivinjari, kwenye alamisho, hata kando ya matokeo ya Google. Mteja anaiona sura yako kabla hajabisha hodi.

Jaribio langu la kwanza niliweka kikapu, ziwa, mtumbwi na jina zima la duka. Kwenye kichupo aikoni huonekana kwa pikseli 16 kwa 16, yaani vinukta 16 tu kila upande, na hapo vyote viligeuka uji. Nikafuta, nikafuta tena, kikabaki kikapu kimoja chenye mpini, rangi mbili basi. Wewe pia, chagua kitu kimoja. Kimoja! Usiweke maandishi. Ichore mraba, pikseli 512 kwa 512, ndiyo WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inayoitaka, kisha ipunguze uitazame kwa umbali wa mkono. Usipoitambua, mteja hataitambua.

Ukishaiweka na usiione, usikate tamaa. Kivinjari hung'ang'ania picha ya zamani, na Google yaweza kuchukua siku kadhaa. Mimi nilikesha hadi saa nane usiku nikidhani nimeharibu, kumbe kwenye simu ya jirani kikapu kilikuwa kinang'aa.

Ndugu yangu mwenye biashara, usikubali kuambiwa ni marembo. Umelipia tovuti, dai sura yako.

Mzigo wa Nakuru unaondoka Alhamisi na matatu ya asubuhi. Kwenye kila lebo nimegonga muhuri wa kikapu kilekile.