Maharage bila kumaliza mkaa

Dada, umeuliza mkaa upunguzweje sasa mshahara umebaki mmoja. Anza na maharage, ndiyo yanayoula. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yachemshe kwa moto mkali dakika 30 sufuria ikiwa imefunikwa. Epua yakiwa bado yanatokota. Usifunue kabisa! Itie kwenye tenga ulilolijaza nguo kuukuu chini na pembeni, funika blanketi juu, acha kwa muda wa saa 4 yaendelee kuiva kwa joto lile lile. Sufuria iwe karibu kujaa. Ikiwa nusu, joto hupotea upesi na maharage hubaki magumu. Nyanya usitie mapema, ukali wake huyachelewesha kulainika. Kabla ya kuunga, yachemshe tena mpaka yatokote. Mkaa uliobaki ufunikie kwenye debe uzimike, kesho unawaka tena.