Ahirisheni Jumamosi: msikodi kamera kabla ya kuitazama filamu yenu kwenye karatasi

Ahirisheni hiyo Jumamosi. Umeandika kwamba ninyi wanafunzi wanne wa stashahada mmepewa kazi ya kutengeneza dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki, kwamba mmekwisha kuweka oda ya kamera na taa, kwamba mtapiga picha Jumamosi jioni katika nyumba isiyokwisha kujengwa huko Kigamboni, na kwamba skripti ya kurasa mbili mnayo lakini storibodi, yaani michoro ya kila picha itakavyopigwa kwa mpangilio wake, hamna, kwa sababu kaka mmoja aliyewatangulia chuoni amewaambia kuwa storibodi ni ya watu wa katuni na taharuki hutengenezwa kwenye kuhariri. Kisha ukauliza lenzi ipi itafaa, majina ya waigizaji yatokee wapi, muziki wa bure unapatikana wapi, na damu ya bandia inachanganywaje. Sentensi ya kaka yenu nimeisoma mara tatu, maana ndiyo hiyohiyo niliyoambiwa mimi miaka sita iliyopita, karibu neno kwa neno, na ilitugharimu shilingi 320,000 ambazo hatukuwa nazo.

Sisi tulikuwa watano. Hadithi yetu ilikuwa rahisi kusimulia: msichana anayeishi peke yake katika nyumba ya kupanga anarudi kutoka kazini jioni, anafungua kufuli la geti, anapita kwenye korido, anafungua mlango wa chumba chake, na mezani anakuta vikombe viwili vya chai, kimoja kikavu alichokiacha asubuhi, na kingine kinafuka mvuke. Hapo jina la filamu linatokea. Kila tuliyemsimulia alishika mdomo, na kwa kuwa watu walishika mdomo, tuliamini kwamba filamu tunayo tayari na kilichobaki ni kwenda kuipiga picha.

Tulichanga 40,000 kila mmoja. Kamera, lenzi mbili na taa mbili kwa siku moja zilichukua 120,000, nauli na chakula 45,000, mwenye nyumba tukampa 25,000, na 10,000 iliyobaki tukanunua umeme wa LUKU. Tulianza saa tisa alasiri. Kwa vile hapakuwa na karatasi iliyotuambia shoti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha kupigwa bila kuikatisha kamera, ni ipi, tulianza na kilichokuwa karibu, yaani geti. Tukalipiga geti kwa mbali, kwa karibu, kutoka juu ya ukuta na kutoka chini ya uwazi wake. Tukampiga msichana akija, tukapiga viatu vyake vikija, tukapiga kivuli chake kikija. Kila mmoja wetu alikuwa na filamu yake kichwani, kwa hiyo kila shoti ilitanguliwa na mabishano. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na ule ubuluu wa anga mnaoutaka kwa ajili ya kutisha haudumu zaidi ya dakika ishirini hivi, kwa sababu huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Dakika zetu ishirini zilikwisha tukiwa tumesimama uani, tunabishana kama msichana ageuke kutazama nyuma au asigeuke. Tuliingia ndani saa mbili kasoro robo usiku, na kamera ilitakiwa kurudi dukani saa tatu. Kikombe, ambacho ndicho filamu yenyewe, kilipata dakika kumi na mbili. Tulikipiga mara mbili tukiwa mlangoni, msichana akiwa mbele na meza nyuma yake, mpigapicha akasema kinaonekana, tukafunga vifaa.

Ni kweli kilionekana. Kwenye kompyuta kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na mvuke haukuwapo kabisa, kwa sababu taa yetu ilikuwa upande wa kamera na ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe. Mvuke huonekana ukimulikwa kutoka nyuma, ukiwa mbele ya kitu cheusi. Hilo tungeligundua nyumbani kwa birika na tochi ya simu, kama mmoja wetu angekaa akachora kikombe kile na kujiuliza kitapigwaje. Tukajaribu kuikuza picha ili kikombe kiwe kikubwa, ikachakaa, ikawa vimraba vya rangi. Huku nyuma tulikuwa na dakika nne na sekunde arobaini za msichana anayetembea, na mwalimu alitaka dakika mbili. Tukakata, tukaweka muziki mzito, tukaipunguza mwanga, tukaongeza sauti ya muziki. Mtu wa kwanza kuitazama alikuwa dada yangu, naye aliuliza kama huyu binti anarudi nyumbani kuna mgonjwa. Tulihariri usiku tatu mfululizo, na kila usiku tulikuwa tukitafuta kwenye mafaili shoti ambayo hatukuipiga.

Aliyetufikisha hapo alikuwa mhariri mzoefu aliyealikwa kutufundisha kwa siku moja. Alisimama mbele ya darasa akasema tupige vitu vingi, mengine yatapatikana kwenye kompyuta, na darasa zima likaandika. Bado nina hasira naye na sioni haya kulisema. Yeye huletewa kazi na mpigapicha aliyekaa kwenye fani miaka mingi, ambaye shoti ya kikombe huipiga hata asipoambiwa. Alisahau, au hakujali kukumbuka, kwamba mbele yake wameketi vijana wanaochangishana nauli. Mhariri huchagua katika vilivyopigwa, na kisichopigwa hana pa kukichagua. Kumwambia mwanafunzi kwamba taharuki itapatikana kwenye kuhariri ni kumwambia abandike sufuria bila unga, kwamba ugali atauona kwenye mwiko.

Na hilo la storibodi kuwa mambo ya katuni, mwambieni kaka yenu kwamba mauaji ya bafuni katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, ambayo kwenye skrini hayafiki hata dakika moja, mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, aliyapiga kwa muda wa wiki nzima, na kabla ya hapo msanifu wa michoro Saul Bass alikuwa ameyachora. Mtu mwenye studio, mafundi na siku saba kwa ajili ya sekunde chache alichorewa kwanza. Ninyi mna jioni moja.

Sisi tulichora baada ya kuumia. Tulikaa kwenye mkeka barazani kwa akina mwenzetu mmoja, tukakunja karatasi za A4 ziwe na visanduku sita sita, tukachora watu wa vijiti, kwa maana hakuna anayehitaji uso mzuri kwenye storibodi. Kinachohitajika ni kujua kamera imesimama wapi, kitu gani ni kikubwa na kitu gani ni kidogo. Kila kisanduku tukakipiga picha kwa simu, tukazipanga picha hizo kwenye programu ya kuhariri iliyomo kwenye simu hiyohiyo, na kila moja tukaipa sekunde zake. Sauti tulizirekodi palepale: kufuli likifunguka, mnyororo wa geti ukiburuzwa, ndala kwenye sakafu ya saruji, kijiko kikigonga kikombe. Tulipoitazama mara ya kwanza, michoro ilichosha vilevile kama filamu yetu ilivyochosha. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kosa halikuwa la kamera, wala la taa, wala la mwigizaji.

Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye siku ya kupiga picha hakupewa nafasi ya kusema, akachukua mchoro wa kikombe uliokuwa wa mwisho akauweka wa tatu. Akaongeza mmoja tu kabla yake: mkono wa mtu tusiyemwona, ndani ya chumba kilichofungwa, unamimina chai katika kikombe cha pili. Ilikuwa sekunde ya 14. Baada ya hapo msichana anafika getini na kuanza kutafuta ufunguo ndani ya mkoba. Mlango wa chumba anaufungua sekunde ya 52. Sekunde zile 38 za katikati zilikuwa kufuli lilelile, korido ileile na viatu vilevile vilivyomfanya dada yangu aulize habari za mgonjwa, lakini sasa hatukuweza kuvitazama tukiwa tumetulia. Ufunguo ulipokwama kidogo kwenye kufuli, mmoja wetu alisema kwa sauti, "Usifungue!" Alikuwa anauambia mchoro wa vijiti.

Hitchcock aliwahi kulieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza ambayo watu wameketi wanapiga soga. Likilipuka bila mtazamaji kujua, atashtuka kwa sekunde kumi na tano. Akijua kwamba lipo na saa ya kulipuka inakaribia, soga ileile isiyo na maana itamshika kwa dakika kumi na tano. Na kama bado mnaona kwamba uhariri ndio unaozaa taharuki, itafuteni filamu ya mwongozaji Orson Welles ya mwaka 1958 iitwayo Touch of Evil mtazame mwanzo wake. Mtu anatega bomu la saa, analiweka kwenye buti la gari, wenye gari wanapanda, na kamera inalifuata gari hilo katika mitaa ya mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika tatu, katika shoti moja. Hakuna mkato hata mmoja. Mhariri hana alilolifanya hapo, na mtazamaji hapumui.

Kwa hiyo sharti ninalowawekea, na ambalo mimi sijalivunja tangu mwaka ule, ni hili: kamera isitoke dukani mpaka dakika zenu mbili ziwe zimetazamwa zote, kwa michoro, zikiwa na muda na sauti, na mtu asiyeijua hadithi yenu. Mtu huyo asiwe mwanafunzi mwenzenu, na msimweleze kitu, kwa kuwa mtazamaji si mpiga ramli na siku ya filamu hamtakuwa kando yake mkimfafanulia. Akimaliza mumuulize maswali mawili tu, anaogopea nini na ameanza kuogopa wapi. Sisi tulimwonyesha muuza duka wa jirani. Alitazama hadi mwisho, akarudisha nyuma kwa kidole mpaka kwenye ule mkono unaomimina chai, akauliza, "Huyu sasa hivi yuko wapi?" Tukajua tunaweza kwenda kukodi. Angetuambia kwamba ni nzuri, tungerudi mkekani.

Fedha za mara ya pili, 120,000 za vifaa, alizitoa binti yule aliyehamisha kikombe, kutoka katika pesa alizotumiwa na mama yake kwa ajili ya kulipia chumba. Alizihesabu noti bila kusema neno. Tulimrudishia kidogo kidogo hadi mwisho wa muhula, na hilo ndilo linalonifanya niwaandikie hivi leo badala ya kupita kimya. Tulipofika kwenye ile nyumba tulikuta ukuta umepakwa rangi ya krimu, kikombe chenye ua jekundu kimevunjika, na mwigizaji wetu amefumua nywele na kusuka mtindo mwingine, jambo ambalo ilikuwa haki yake, kwa sababu hakuna aliyemwomba asifumue. Hakuna shoti hata moja ya zamani iliyoweza kuungana na mpya. Bila michoro tungeangua kilio pale uani.

Lakini michoro ilituonyesha kwamba kati ya shoti 19, zilizohitaji kweli anga la jioni zilikuwa tatu tu, zote za getini. Kumi na moja zilikuwa za ndani, zikapigwa mchana kweupe tukiwa tumeziba madirisha kwa mablanketi, na tano za korido hazikujali ni saa ngapi. Tulianza na kikombe, saa nane mchana, tukakipa saa moja na nusu: taa nyuma yake, kitambaa cheusi ukutani, chai ikichemshwa upya kila baada ya dakika chache kwa sababu mvuke huisha kabla fokasi haijakaa sawa. Ubuluu ulipoingia angani sisi tulikuwa tumekwisha kusimama getini tunausubiri, kila mtu akijua mahali pake, na zile shoti tatu zilikwisha muda ukiwa bado unabaki. Saa moja na robo tulikuwa tunafunga vifaa. Filamu ilitoka na dakika moja na sekunde hamsini na nane.

Mpigieni mwenye kamera leo, kabla hajafunga. Yule tuliyekodi kwake sisi alikuwa akikubali kusogeza tarehe mradi umwarifu siku mbili kabla, na malipo ya awali hayakupotea. Kesho jioni kaeni wote wanne na karatasi, na mchoro wa kwanza uwe wa kile ambacho mtazamaji anakijua na mhusika wenu hakijui. Katika kurasa mbili ulizoambatisha nimekitafuta kitu hicho sikukiona: kijana anaingia kwenye nyumba isiyokwisha, anakuta damu sakafuni, na sisi tunaiona damu wakati uleule anaoiona yeye.