Kabla hujashika jembe, jua maji yanapwa saa ngapi

Mwaka wangu wa kwanza wa uanagenzi nilipanda mikoko 600 mahali ambapo haikufaa kupandwa hata mmoja. Naanza na aibu hiyo kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza kazi ya kutunza misitu ya pwani inaingiwaje, huuliza vyeti kwanza. Vyeti vipo, nitavigusa. Ila mimi sikuharibu kwa kukosa cheti.

Tulikuwa wanagenzi watatu kwenye kikundi kimoja cha wenyeji, hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia ndani hapa Mombasa, upande wa Mikindani. Malipo yalikuwa nauli na chakula cha mchana. Nilijiona nimekuja kuokoa bahari. Mzee aliyetusimamia akanipa tupa na mapanga manane. Wiki nzima kazi yangu ikawa kunoa na kujaza udongo kwenye mifuko ya kitalu. Nilikasirika, sitaficha. Lakini kunoa kwenyewe sikukujua. Nilikuwa naisugua tupa mbele na nyuma kama msumeno, mpaka Mzee akanishika mkono: "Mwanangu, tupa yasukumwa mbele tu. Ukiirudisha nawe umeikandamiza, waiua meno." Panga butu ndilo hatari, maana halikati, huteleza, na likiteleza linatafuta mguu wako.

Kuhusu viatu nitasema kwa ufupi. Usinunue gambuti. Tope la hori litakunyang'anya, utatoka na soksi. Wala usiende pekupeku, chaza walioshika kwenye mizizi wanakata kama wembe. Vaa raba kuukuu, uzifunge kamba mpaka kifundoni.

Ujuzi wenyewe, ule ambao hakuna atakayekupa kwenye karatasi, ni kusoma maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, na yakipwa hupwa sana. Kati yake kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo kazi ya topeni haina saa mbili asubuhi ya kila siku. Kuna siku utaamka alfajiri, na kuna siku utakaa kitaluni mpaka alasiri. Jedwali la maji siku hizi liko hata kwenye simu. Mzee alikuwa akihesabu siku za mwezi kwa vidole, na sikuwahi kumwona akikosea kwa zaidi ya nusu saa.

Sasa ile aibu. Sisi tukisema mikoko twajumlisha miti yote ya topeni, kumbe mkoko ni mmoja tu kati ya aina tisa zilizoko Kenya, na kila mmoja una kiwango chake cha maji. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapokea mawimbi kifuani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, hufuata nyuma yake. Mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu utaukuta mpaka ukingoni karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali.

Mbegu nilizijua. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama bakora ya mtoto. Ikikomaa hutoa shingo ya manjano, na ukiigusa inakuachia yenyewe. Ikikataa, iache. Zenye matundu ya wadudu tulizitupa. Huhitaji kitalu, wachomeka thuluthi yake topeni, ncha chini, mita moja baina ya mche na mche. Mbegu za mchu ndizo za kulowekwa usiku mmoja zivue ganda, kisha zitiwe mifukoni.

Basi siku moja Mzee hakuwako. Tuliona uwanja mpana mtupu huko mbele, tope laini, hauna hata mzizi. Tukachomeka 600, mistari imenyooka, tukapiga picha. Bamvua ya pili ilikuta nusu imelala. Zilizosimama zikavamiwa na vile vigamba vyeupe vinavyong'ang'ania mbavu za dau, zikanyauka. Mzee alipouona uwanja hakufoka. Aliuliza swali moja: "Mahali hapa pana umri gani, na kwa nini hapana mti?" Uwanja mtupu hoja yake huwa nayo. Pale palikuwa chini mno kwa mkoko.

Baadaye alitupeleka Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya saruji ambayo leo ni Haller Park. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo ya saruji, alianza kuyarudishia msitu mwaka 1971 kwa kujaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu, zikasimama tatu tu, mvinje mmojawapo. Hata mvinje ulimtatiza, majani yake makavu hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Nilirudi nimepoa kidogo.

Jifunze pia kupima, hata kama hesabu ilikushinda shuleni. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3. Mkoko hauwezi, mizizi yake imepanda juu. Wapima sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Daftari liandikwe kwa penseli, wino ukilowa umekwisha.

Vyeti: ukitaka kuendelea, kuna chuo cha misitu cha Londiani, na mwenye mwaka mmoja wa topeni huwa hapotezi muda kujieleza. Mkubaliane nauli kabla ya siku ya kwanza, maana kujitolea kusikokuwa na mwisho ni ajira ya bure. Na usiingie mikokoni na panga bila idhini. Ni msitu wa serikali tangu 1932, mlinzi hatajua kama wewe ni mwanagenzi au mwizi wa boriti.

Ule uwanja wetu tuliuacha. Tulichofanya ni kuondoa plastiki na nyavu kuukuu zilizoziba mkondo ubavuni mwake. Mwaka uliofuata nilikuta miche ya mlilana ishirini na kitu, imejipanga ovyo ovyo. Hakuna aliyeipanda.