Altezza kusita ukikanyaga mafuta mpaka chini

Mkuu, umesema Toyota Altezza yako ya 1999 ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) imetulia, ila ukiikanyaga kupanda kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) inasita, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unaganda, kisha inachomoka. Huyo fundi aliyekwambia ununue giaboksi mwache kwanza. Giaboksi ikiteleza, mshale unapanda huku mwendo hauongezeki. Kwako injini ndiyo inanyimwa kitu.

Ningeanza na mafuta. Pampu iliyochoka inatosheleza mwendo wa mjini, ila injini ikidai mafuta mengi presha inaanguka. Ifungwe geji ya presha, ibanwe nje ya kioo chini ya waipa (bomba la petroli lisiingie ndani ya gari hata kidogo!), mpande kilima mtu wa pili akiisoma. Kupiga resi gari imesimama hakusaidii sana, injini haina mzigo. Presha ikishuka, badili filta ya mafuta, kisha ndiyo ufikirie pampu.

Isiposhuka, toa plagi. Pengo likipanuka, cheche inashindwa kuruka mgandamizo ukiwa mkubwa. Koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) yenye ufa nayo hivyohivyo. Eakilina (filta ya hewa), kwa vumbi letu la Dodoma, nadhani umeshaiangalia.

Taa ya injini inawaka?