Maswali na Majibu: Kukaba Barafuni na Mechi za Watani wa Jadi Minnesota

Barua nyingi za msimu huu zinahusu hoki ya barafuni ya shule za sekondari katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zenye asili ya Kenya, zimefanya makao na baadhi ya watoto wao wamejifunza mchezo huu wa huko. Tumechagua zile zinazogusa ulinzi na mechi za watani wa jadi. Mambo hayo mawili hayatenganiki, kwa sababu kasoro ya beki inayofichika katika mechi nyingine huanikwa hadharani siku anapokutana na shule ya jirani.

Swali: Kijana wangu ni beki wa timu ya sekondari hapa Brooklyn Park. Kila akikimbilia kisahani (kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira) ili amnyang'anye mshambuliaji, kocha humwita benchi na kumkaripia. Mimi nimekulia kwenye soka, naona kama anaonewa. Beki asipokwenda kuutafuta mchezo, kazi yake ni ipi? (Mzazi, Minnesota)

Jibu: Ndugu mzazi, kocha hamwonei. Uwanja kamili una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, yaani takribani mita 61 kwa 26, na kila upande una wachezaji watano tu ukimwacha kipa. Beki anayejirusha mbele na kukikosa kisahani hawezi kusimama na kugeuka papo hapo kama afanyavyo mchezaji wa soka, kwa kuwa kasi yake mwenyewe humpeleka mbali. Kufikia hapo, mshambuliaji amebaki uso kwa uso na kipa.

Kazi ya beki ni kuondoa nafasi, na hilo huanza kabla hajamgusa mtu. Hurudi kinyumenyume akitazama kifua cha mshambuliaji, kwa maana kisahani kinaweza kudanganya na kichwa vilevile, lakini kifua huenda mwili unakokwenda. Hujitahidi wakifika kwenye mstari wa buluu, unaotenga eneo lake la ulinzi na katikati ya uwanja, nafasi kati yao isizidi sana urefu wa gongo moja. Ikiwa kubwa zaidi, mshambuliaji hupata muda wa kupiga au kutoa pasi, na ikiwa ndogo mno, hupitwa kwa hatua moja ya pembeni. Gongo hulishika kwa mkono mmoja, ubapa wake ukiwa juu ya barafu katika njia ya kisahani na si hewani. Kisha husimama kidogo upande wa ndani, ili njia ya katikati ionekane imefungwa na ile ya pembeni ionekane wazi. Mshambuliaji akiichukua hiyo ya pembeni amekwisha kuelekezwa kwenye ukuta unaozunguka uwanja, na pale pembe ya kupigia lango inazidi kuwa nyembamba kwa kila hatua. Hapo ndipo bega linapofaa kutumika, na hata hapo lengo ni kumtenganisha na kisahani.

Mechi ijayo usikitazame kisahani. Mtazame mwanao peke yake, miguu na gongo lake, tangu anapoingia hadi anapotoka kupumzika, nawe utaona anachokikusudia kocha.

Swali: Washambuliaji wawili wakimjia beki mmoja, nani alaumiwe bao likiingia, beki au kipa? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mgawanyo wa kazi unafahamika: pasi ni ya beki, shuti ni la kipa. Beki hukaa katikati, gongo lake likifunga njia ya pasi, na hujizuia kumrukia mwenye kisahani hadi karibu kabisa na lango. Pasi ikivuka hadi kwa mshambuliaji wa pili, kipa hulazimika kuhama upande mzima wa lango kwa muda mfupi usiotosha, kwa hiyo bao hilo mimi humhesabia beki. Shuti la moja kwa moja kutoka pembeni likiingia, tumuulize kipa. Mwaka 1996, katika nusu fainali ya jimbo, shule ya Apple Valley iliifunga ile ya Duluth East mabao 5 kwa 4 baada ya vipindi vitano vya nyongeza, mechi ikaisha baada ya saa saba na nusu usiku. Kipa wa Apple Valley, Karl Goehring, aliokoa mashuti 65. Mambo kama hayo huwezekana pale mabeki, hata wakiwa wamechoka kupita kiasi, wanapoendelea kumwachia kipa mashuti anayoyaona.

Swali: Nimewahi kuwatazama Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya hapa Kenya, kwenye barafu ya hoteli ya Panari. Je, timu dhaifu ya sekondari huko Marekani inaweza kupaki basi dhidi ya timu kubwa, kama tunavyoona kwenye soka? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Inaweza, ingawa basi la barafuni halipakiwi mbele ya lango. Huegeshwa katikati ya uwanja. Mpangilio unaotumika sana ni wa mmoja, wawili na wawili. Mshambuliaji mmoja hutangulia, si kwa nia ya kunyang'anya bali kumlazimisha mwenye kisahani achague upande mmoja. Wawili walio nyuma yake hufunga njia za katikati, na mabeki wawili husubiri karibu na mstari wao wa buluu. Kwa kuwa hakuna mshambuliaji anayeruhusiwa kuuvuka mstari huo kabla ya kisahani, timu kubwa hufika pale ikiwa haina kasi wala pasi, na mara nyingi hulazimika kukirusha kisahani nyuma kabisa ya lango na kukikimbilia upya. Kila mara ifanyapo hivyo, timu ndogo imepata pumzi.

Wakipenya, huja hatua ya pili. Chukua mstari kutoka kila nguzo ya lango hadi kwenye nukta ya duara lililochorwa mbele ya lango upande wake, uunyooshe hadi ukingo wa juu wa maduara, kisha uunganishe: unapata umbo la nyumba, na mabao mengi hufungwa kutoka humo. Timu ndogo yenye nidhamu humwacha mpinzani azunguke pembeni apendavyo, mradi asiingie ndani.

Udhaifu wa mbinu hii ni mchoko. Wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 45 hivi, na shule yenye vijana wachache walioiva huwarudisha walewale kabla hawajapumzika, hivyo katika kipindi cha tatu mstari wa katikati huanza kulegea wenyewe. Tena, ukishafungwa bao la kwanza, kusubiri hakukusaidii. Kwenye uwanja mdogo kama wa Panari singeshauri mtego wa katikati, kwa sababu eneo lenyewe la katikati halina ukubwa wa kutosha. Huko ningeanza moja kwa moja na ulinzi wa ile nyumba.

Swali: Sisi tuna Simba na Yanga. Huko kwenye hoki ya shule kuna watani wa jadi wa namna hiyo, au ni mechi za wanafunzi tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Wapo, na kwa maoni yangu hakuna wanaowafikia Roseau na Warroad. Ni miji miwili midogo kaskazini kabisa mwa Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada, iliyotenganishwa na kilomita zipatazo 35 za barabara. Roseau ina wakazi wasiofika 3,000 na Warroad wasiofika 2,000. Roseau inajulikana kwa kiwanda cha Polaris kinachotengeneza magari madogo ya thelujini, na Warroad kwa kiwanda cha madirisha cha Marvin. Mashindano ya jimbo yalianza mwaka 1945, Eveleth ikawa bingwa wa kwanza, na leo Edina, kitongoji chenye uwezo karibu na Minneapolis, ndiyo yenye mataji mengi kuliko shule yoyote. Lakini hadi mwaka 2025 Roseau ilikuwa imetwaa taji la jimbo mara saba na Warroad mara nne. Kwa miji ya ukubwa huo, hilo ni jambo la kustaajabisha.

Kwa miaka mingi Roseau imechagua kucheza katika daraja la shule kubwa, ilhali Warroad imekuwa katika daraja la shule ndogo, kwa hiyo hawakutani wakigombea taji moja. Hata hivyo huendelea kukutana katika mechi za kawaida za msimu, na mechi hizo hazihitaji taji ili ziwe na uzito. Vijana hawa wamekabiliana tangu wakiwa watoto wadogo. Beki wa Roseau anajua mshambuliaji gani wa Warroad hupenda kukata kulia, na mshambuliaji anajua kwamba beki anajua. Kwa sababu hiyo mbinu za kushtukiza hazifui dafu, na mshindi hupatikana kwa utulivu. Makosa mengi ya mechi za watani hutokea katika dakika za mwanzo, wakati ukumbi unapiga kelele na beki anatamani kuwafurahisha watu wake kwa kumgonga jirani. Huacha nafasi yake ili akagonge, na mlango anaouacha wazi nyuma yake ndio mpinzani anaoupitia. Ningekuwa kocha, ningewaagiza mabeki wangu wasigonge mtu kwa dakika tano za kwanza labda ajilete mwenyewe ukutani.

Kuna jambo jingine ninalolipenda katika historia ya miji hii. Timu ya Marekani iliyowafunga Wasovieti mabao 4 kwa 3 katika Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980 na kutwaa dhahabu ilikuwa na Neal Broten wa Roseau na Dave Christian wa Warroad. Christian alikuwa mshambuliaji, lakini kocha Herb Brooks, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa jimbo na shule ya Johnson ya Saint Paul mwaka 1955, alimrudisha nyuma akacheza beki. Kijana aliyefundishwa mchezo mzima hapotei akihamishwa namba.

Swali: Timu ikipungukiwa mchezaji kwa dakika mbili za adhabu, wanne waliobaki wasimameje? (Mwanafunzi, Arusha)

Jibu: Kwa umbo la mraba, wawili juu na wawili karibu na lango, magongo yao yakielekea ndani ili kukata pasi zinazopita katikati. Mpinzani akiweka mpigaji mmoja juu katikati, mraba hugeuka kuwa almasi na mmoja humkabili huyo. Wasimfuate mtu hadi pembeni kabisa, na wakikipata kisahani wakitoe nje ya mstari wa buluu mara moja.

Swali: Mwanangu wa kiume atacheza dhidi ya shule ya jirani wiki ijayo na nimesikia mechi hiyo huwa ya kugongana. Naogopa. Je, kanuni zinamlinda? (Mama, Minnesota)

Jibu: Dada, hofu yako ina msingi. Kugonga kwa mwili kunaruhusiwa kwa wavulana wa sekondari, na kwa wasichana hakuruhusiwi. Mwishoni mwa Desemba 2011 mchezaji wa miaka 16 wa shule ya Benilde-St. Margaret's alisukumwa kutoka nyuma akagonga ukuta, akaumia uti wa mgongo na kupooza. Januari 2012 chama cha michezo ya sekondari cha Minnesota kiliongeza adhabu: kumgonga mtu kutoka nyuma, au kumsukumiza ukutani kwa nguvu ya hatari, kukawa kosa la dakika tano, zinazotumikiwa zote hata timu iliyopungukiwa mchezaji ikifungwa bao.

Kanuni huadhibu baada ya tendo, kwa hiyo yapo pia ya kijana mwenyewe kufanya. Anapokifuata kisahani ukutani, aangalie nyuma ya bega kabla ya kufika. Afike kwa mshazari, si kwa kuukabili ukuta moja kwa moja. Akishafika, aukaribie kabisa, kwa maana hatari kubwa iko kwa anayesimama hatua moja au mbili kutoka ukutani akiwa amempa mpinzani mgongo. Na akihisi anasukumwa, ainue kichwa, asikiinamishe kamwe, kwa kuwa shingo iliyoinama ndiyo inayovunjika kirahisi. Mwombe kocha awafanyishe zoezi hilo kabla ya mechi, tena pande zote mbili za uwanja, maana vijana wengi hulijua kwa bega moja tu.